Hesabu Zionekane na Wote: Maoni Juu ya Ekra Kubwa Kwenye Mkutano wa Koperative



Siku hizi koperative nyingi za ngambo yetu ya Lubunga ziko na ordinatere. Zingine zilipewa na mashirika, zingine zilinunua kwa makuta yao wenyewe. Ni jambo zuri, hatulipingi. Kaye zinaliwa na panya, zinaloa mvua, na ukitafuta resu ya miaka mitatu nyuma unatoka jasho bure. Lakini ordinatere imeleta jambo moja ambalo kwenye mikutano hatulisemi wazi: hesabu zetu zimehamia mahali ambapo mtu mmoja tu ndiye anaziona.

Zamani kaye ilikuwa kubwa, imelazwa juu ya meza. Memba aliweza kuinama, kutafuta jina lake, kuweka kidole kwenye mstari na kuuliza. Sasa kwenye mkutano mkuu sekretere anakaa nyuma ya mashine, mfuniko umesimama kama ukuta. Yeye anaona namba, sisi tunaona mgongo wa mashine na alama ya kampuni iliyoitengeneza. Anasoma: mpunga ulioingia ni kilo hizi, mauzo ni haya, matumizi ni haya, kilichobaki ni hiki. Tunapiga makofi. Kisha njiani, juu ya toleka ama kwa mguu, ndipo maswali yanaanza: "Wewe ulielewa ile kilo za usafirishaji?" "Hapana, na wewe?" Wiki mbili baadaye mama mmoja anauza mpunga wake kwa mchuuzi wa barabarani, mwingine anamfuata, na prezida anashangaa kwa nini depo haijai.

Maoni yetu ni haya. Koperative yenye ordinatere inapashwa kuwa na ekra kubwa ya kuiunganisha nayo, ni kusema televizio ya kawaida tu yenye tundu la kupokea picha, na hesabu za mkutano mkuu zisomwe kutoka kwenye ekra hiyo, mbele ya macho ya wote. Na tunasema hivi: ekra inunuliwe kabla ya ordinatere ya pili, kabla ya fulana zenye alama ya koperative, kabla ya kofia.

Tunajua wengine watacheka. Watasema, sisi tunakosa panga na mbegu nzuri, nyinyi mnatuletea mambo ya televizio! Swali hilo ni la haki, na tutalijibu. Koperative haikusanyi mazao kwa nguvu ya panga. Inakusanya kwa sababu memba anaamini kwamba kilo alizoleta ndizo zilizoandikwa, na kwamba makato yaliyotolewa yana maelezo. Imani hiyo ikipotea, hata ukigawa mbegu bora za Yangambi, mavuno yake yatapita mbele ya mlango wa depo na kwenda kwa mchuuzi, ambaye anaiba kwa mizani lakini angalau analipa palepale.

Tena hapa kwetu Lubunga tunajua bei ya kukosa kuaminiana. Tangu mwaka 2023 magomvi ya mashamba kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola yameua watu, yamechoma nyumba, na yamesukuma familia nyingi kuvuka mto kutafuta kimbilio. Televizio haiponyeshi kidonda kama hicho, na mtu asiseme tumeandika hivyo. Tunachosema ni kidogo zaidi. Koperative ni moja ya mahali pachache ambapo watu wa lugha mbalimbali bado wanakaa benchi moja kupima mpunga. Namba inayosemwa kwa sauti ya chini, na ambayo hakuna aliyeiona, inageuka upesi kuwa "wale wanapendelea watu wao". Namba iliyoonekana na watu themanini kwa saa moja ni vigumu kuigeuza hivyo.

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja alileta kilo 420 za mpunga. Resu yake inasema 420. Kwenye mashine mtu amepiga 402, vidole viliteleza, si wizi. Sekretere akisoma jumla tu, kosa hilo linalala milele. Lakini orodha ikionekana, mama mwenyewe, ama mtoto wake anayesoma, atasimama na resu mkononi. Na hapa tuwape wamemba wa komite ya uangalizi siri moja ya wakontable: namba mbili zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea inagawanyika kwa 9 kila mara. 420 ukitoa 402 ni 18, ni 9 mara mbili. 75 ukitoa 57 ni 18 tena. 830 ukitoa 380 ni 450, ni 9 mara hamsini. Basi jumla ya kaye na jumla ya mashine zikiachana, na tofauti ikigawanyika kwa 9, anzeni kwanza kutafuta namba zilizogeuzwa kabla ya kutafuta mwizi. Mara nyingi mtaokoa jina la mtu.

Mfano mwingine, huu unaleta kelele kila mwaka: mpunga na mchele. Memba analeta kilo 100 za mpunga, anasikia zimetoka kilo 60 na kitu za mchele, anadhani arobaini zimeliwa na komite. Kumbe ni maganda, pumba na chenga. Mashine nzuri inafikia kilo 65 hivi, zile za zamani mara nyingi zinatoa chini ya hapo, na mpunga uliokauka vibaya unavunjika zaidi. Ukiandika kwenye ekra mistari minne tu, mpunga uliopelekwa, mchele uliotoka, chenga, pumba zilizouzwa, kelele zinapungua. Na kama mashine moja inatoa 62 na nyingine 51, wamemba wenyewe watauliza kwa nini tunaendelea kwenda kwa ile ya pili. Swali hilo ni la faida kwa koperative nzima, lakini haliwezi kuzaliwa kama namba zimefichwa nyuma ya mfuniko.

Sasa tuje kwenye kuunganisha, kwa sababu ndipo koperative nyingi zinakwama, na tumeona televizio nzima zimekaa bironi zimefunikwa kitambaa kwa kukosa waya mmoja tu.

Angalieni kwanza ubavu wa ordinatere yenu. Kama kuna tundu bapa, upana wake kama kidole gumba, pembe zake za chini zimekatwa, hilo ni HDMI. Ordinatere nyingi za miaka kumi na tano hii ziko nalo, na televizio bapa karibu zote ziko nalo nyuma ama ubavuni. Hapo kazi ni nyepesi: waya mmoja wa HDMI, ncha zote mbili ni sawa, unachomeka huku na kule. Waya huo unapeleka picha na sauti pamoja. Nunueni wa mita tatu hadi tano, ili sekretere akae pembeni na asizibe watu. Wa mita moja unaokuja bure na vyombo vingine utamlazimisha kukaa chini ya televizio kama mtu aliyeadhibiwa.

Kama ordinatere ni ya zamani, mtaona tundu lenye vishimo 15 vya safu tatu, mara nyingi rangi yake ni ya buluu. Hilo linaitwa VGA, lilianza mwaka 1987, na bado liko kwenye mashine nyingi za okazyo tunazonunua ngambo ile ya mjini. Televizio zingine ziko na tundu kama hilo, limeandikwa PC. Likiwepo pande zote mbili, mko salama, waya wa VGA utapeleka picha, sauti haitaenda. Lakini kama ordinatere iko na VGA na televizio iko na HDMI tu, hapo ndipo wauzaji wanatula makuta. Watakupa waya rahisi wenye ncha moja ya VGA na ncha nyingine ya HDMI, hauna kitu katikati. Karibu kila mara hautafanya kazi. VGA na HDMI ni kama lugha mbili, inapashwa kuwa na mkalimani katikati: kisanduku kidogo kinachobadilisha, ambacho mara nyingi kina mkia wa USB wa kukipa umeme. Tena mkalimani huyo anatafsiri upande mmoja tu. Kile cha kutoka VGA kwenda HDMI si kile cha kutoka HDMI kwenda VGA, hata kama vinafanana kama mapacha. Chukueni ordinatere yenu mpaka dukani, jaribuni palepale, msilipe kabla picha haijaonekana.

Tundu la USB lililo kwenye televizio halipokei picha ya ordinatere. Ni la kusoma kle, ile flashi. Vijana wengi wanapoteza saa nzima hapo. Na yale matundu madogo ya mviringo bapa, USB-C, kwenye ordinatere mpya: mengine yanatoa picha, mengine yanachaji tu. Jaribuni kabla ya kununua adaptere. Simu tuziache kwanza. Nyingi za bei ndogo hazitoi picha kwa waya.

Mkishachomeka, televizio itabaki nyeusi ama itaandika kwamba hakuna signali. Msiogope. Chukueni telekomande, bonyezeni kitufe kilichoandikwa SOURCE ama INPUT, chagueni HDMI 1 ama HDMI 2 kulingana na tundu mlilotumia. Telekomande ikipotea, televizio nyingi ziko na kitufe nyuma ama chini. Halafu kwenye ordinatere yenye Windows, shikeni kitufe chenye alama ya dirisha, na P pamoja. Itafunguka orodha ya mambo manne. Kwenye mashine zetu za Kifaransa imeandikwa: "Écran du PC uniquement", picha inabaki kwenye mashine tu, "Dupliquer", picha ileile pande zote mbili, "Étendre", ekra mbili zinakuwa kama meza moja ndefu, kila upande na vitu vyake, na "Deuxième écran uniquement", picha inakwenda kwenye ekra kubwa tu.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo maoni yetu yalipo hasa.

"Étendre" ni nzuri kwa mwalimu. Anaonyesha picha ya ugonjwa wa mihogo kwenye ekra kubwa, na kwenye mashine yake anasoma maelezo aliyojiandikia. Ni nzuri pia kwa kontable akiwa peke yake bironi, resu upande huu, orodha upande ule, anapiga namba bila kufungua na kufunga. Kwa kazi ya biro tunaipendekeza kabisa, macho yanapumzika na makosa yanapungua.

Lakini kwenye mkutano mkuu, siku ya hesabu, tunasema "Dupliquer", na si kitu kingine. Kwa "Étendre" sekretere anaweza kuonyesha karatasi nzuri iliyopangwa kwenye ekra kubwa, wakati orodha ya kweli iko kwenye ekra ndogo anayoiona yeye. Hatusemi kwamba watu wanafanya hivyo. Tunasema mkutano usimwekee mtu mlango wa kufanya hivyo. Memba yeyote, hata asiyejua kuwasha mashine, anaweza kukagua: anapita nyuma ya sekretere, anaangalia ekra ndogo, anaangalia kubwa. Zikifanana, anakaa. Zisipofanana, anauliza. Hiyo ni haki yake na hakuna haja ya diploma.

Jambo la pili ni kuonyesha Excel yenyewe, ile orodha inayofanya kazi, wala si picha zilizopambwa kwa rangi na mishale. Kwenye orodha, sekretere akibonyeza juu ya jumla, juu kabisa inaonekana maandishi yanayoanza na alama ya sawasawa na neno SOMME. Ni kusema mashine ndiyo imejumlisha mistari ile. Kama panaonekana namba tupu bila SOMME, basi mtu ameiandika kwa mkono. Inawezekana ni sawa, inawezekana si sawa, lakini aeleze. Tungependa neno hilo SOMME lijulikane na kila mama wa koperative kama anavyojua alama za mizani.

Tena msionyeshe orodha nzima kwa mara moja. Tumeona mikutano ambapo ekra imejaa mistari hamsini, herufi kama chawa, na watu wa nyuma wanaangalia kwa adabu tu. Fanyeni hesabu hii: mtu aliye mita kumi kutoka kwenye ekra anahitaji herufi za sentimita tatu hivi ili asome bila taabu. Televizio ya inchi 32, ile wafundi wanaita pusi 32, urefu wake wa kwenda juu ni sentimita 40 tu. Ukiacha nafasi kati ya mistari, inabeba mistari minane. Ile ya inchi 43 inabeba kumi hivi. Basi kuzeni herufi: shikeni Ctrl na kuzungusha gurudumu la souris, mpaka mtu wa benchi la mwisho aseme nimeona. Mistari minane, mnaisoma, mnauliza, mnapita kwa minane mingine. Ndiyo, inachukua muda. Mkutano mkuu wa hesabu ni mara moja kwa mwaka, kuna haraka gani?

Na wale wasiosoma? Ni wengi kati yetu, hasa wamama waliotoka shule mapema kwenda shambani. Ekra haiwasaidii kama hakuna sauti. Kwa hiyo mtu mmoja asome kwa sauti kila mstari, kwa Kiswahili na kwa Lingala, na mtu huyo asiwe sekretere. Achaguliwe palepale na mkutano. Sekretere anashika souris, mwingine anasoma kinachoonekana, na watu wa mbele wanamsahihisha akiruka. Kosa likionekana, lisahihishwe mbele ya wote, namba ya zamani na ya mpya ziandikwe kwenye PV. Tafadhali msiseme "tutaangalia baadaye bironi".

Kuna neno la aibu, na kwenye mikutano yetu limezua ubishi mkubwa kuliko yote. Orodha ya madeni ionyeshwe? Wengine kati yetu wanasema ndiyo, mtu aliyekopa makuta ya wote asijifiche. Wengine wanasema hapana, mwenye mgonjwa hospitali asianikwe kama nguo. Sisi tunaegemea hivi: mazao yaliyoletwa yaonyeshwe kwa jina, kwa sababu hapo hakuna aibu na ndipo kila mtu anakagua yake. Madeni yaonyeshwe kwa namba ya memba, jumla yake iwe wazi kabisa, na madeni ya wamemba wa komite yaonyeshwe kwa jina. Aliyekubali kushika sanduku amekubali kuangaliwa. Mkutano wenu unaweza kuamua tofauti, ila uamue kabla waya haujachomekwa, si wakati jina la mtu liko tayari ukutani. Na sekretere afunge WhatsApp yake kwanza. Ujumbe wa mapenzi ukitokea katikati ya hesabu za mawese, hakuna atakayekumbuka hesabu.

Tuseme juu ya umeme, kwa sababu bila huo yote haya ni hadithi. Upande huu wa mto wengi wetu tunaishi na pano za sola ama jenereta. Watu wakisikia mkutano na picha, wanafikiri projektere. Tunawashauri muiache. Projektere ya taa inakula wati 200 hadi 300, inataka giza, na taa yake ikiungua mtaitafuta mpaka mchoke. Mikutano yetu iko mchana, kwenye kanisa ama shule yenye madirisha yasiyo na pazia, ama chini ya mwembe. Televizio ya LED ya inchi 32 inakula wati 50 hivi, na inaonekana mchana kama mkiiweka ndani ama kwenye kivuli, kioo chake kisielekee dirisha, ili mwanga usikipige.

Hesabu yake ni hii. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200. Batri za kawaida za risasi hazipendi kushuka chini ya nusu, basi mko na 600. Televizio 50, ordinatere 50, na konvertisere inakula kidogo yake, tuseme 120 kwa jumla: mko na saa tano. Kwa projektere, saa mbili hazifiki, na mkutano wetu saa mbili za kwanza ni sala na hotuba. Ordinatere ije batri yake imejaa tayari, mtaongeza muda. Kwa jenereta, iwasheni kwanza, iache itulie, kisha ndipo mchomeke televizio, na kama kuna stabilizatere itumieni. Ngurumo zikianza, chomoeni kila kitu kwenye priz, hata kama prezida yuko katikati ya sentensi.

Mkinunua mjini na kuvusha mtoni, televizio isimame wima ndani ya mtumbwi, isilazwe kamwe, na pasiwekwe gunia juu yake. Kioo chake ni chembamba, kikilala kinapasuka kwa mtikisiko mdogo. Kwa wale wa barabara ya Opala ama ya Ubundu, ambako pikipiki inaruka mashimo, mtu aibebe mgongoni ndani ya karatoni yake, na povu lake.

Wengine watauliza kama kuna sheria inayolazimisha haya. Ekra, hapana. Lakini nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria yake juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inataka mkutano mkuu wa hesabu ufanyike ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, na inampa memba haki ya kupata habari za hesabu hizo. Kama mwaka wenu unafungwa tarehe 31 Desemba, mwisho wenu ni tarehe 30 Juni. Habari isomwayo upesi kutoka nyuma ya mfuniko, kwa maoni yetu, ni haki iliyotimizwa nusu.

Na kaye zisitupwe. Ekra inazima, ordinatere inaibiwa, virusi vinakula mafishie. Resu za karatasi zibaki kwa memba, kaye kubwa ibaki depo, na baada ya mkutano mistari mikubwa inakiliwe kwenye karatasi kubwa ukutani, kwa kalamu nene, ikae pale wiki nne kwa wale ambao hawakufika. Ekra ni ya kukutanisha macho siku ile moja. Kumbukumbu ni kazi ya karatasi.

Linabaki jambo ambalo tunajua mmelifikiria tangu mstari wa kwanza: mechi za Léopards. Televizio ya koperative ikikaa bironi, vijana watakuja kuomba, na komite nayo haitakataa sana, tunawajua. Sisi hatuoni ubaya, kwa masharti. Mtunza sanduku ashike telekomande na waya, prezida ashike ufunguo wa chumba, wasiwe mtu mmoja. Kila anayeangalia atoe kidogo kwa ajili ya batri, na makuta hayo yaandikwe siku ileile kwenye orodha, mstari wake peke yake, wenye jina lake. Siku ya mkutano mkuu mstari huo nao upite kwenye ekra, tuone mpira uliingiza ngapi na batri mpya iligharimu ngapi.